Jani la Isale Lililotumwa Kanada

Bwana asifiwe, ndugu waombolezaji. Kwa niaba ya ukoo wa Nkya, mimi mdogo wake nimepewa heshima ya kuwasomea safari ya kaka yetu, Mwalimu Aikaeli Nkya, na nitasoma polepole, maana kwa tarehe iliyokosewa alikuwa hana msamaha.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1946, Machame, Kilimanjaro, akasoma hukohuko, na mwaka 1965 wamisionari wakampeleka Kanada kumalizia sekondari katika mji mdogo wa Port Ansley, kwenye shule kongwe ya serikali, ambako baada ya chuo kikuu alirudi kufundisha historia. Shule ile, jamani, aliijua kama ukoo: ilivyoungua mwaka 1911, ilivyojengwa upya kwa matofali mekundu, mlango wa wavulana huku na wa wasichana kule, na wakuu wake wote aliwataja kwa mfuatano kama mababu, hata tukamuuliza kama hao nao watatudai kihamba, shamba la ukoo.

Alifunga ndoa na Eliaichi, muuguzi, tarehe 14 Agosti 1976, wakajaliwa Haika na wadogo zake wawili.

Mwaka 1993 shule iliadhimisha miaka mia moja ishirini na mitano, na kaka, mbishi wa kuzaliwa, akasimama mbele ya wageni akamwita mkuu wake, rafiki yake Allan, mwongo, akidai shule ilianza 1871, si 1868. Wakanuniana, na mwaka uliofuata marehemu akavuka bahari akahamia hapa Harrow, mkewe alikopata kazi, akafundisha mpaka alipostaafu mwaka 2011. Alipopata nafasi ya kuchimbua kumbukumbu za shule, akagundua kwamba ile miaka mitatu ya mwanzo, kabla ya kupata jengo lao mwaka 1871, watoto walisomea juu ya karakana ya mhunzi. Kumbe Allan alikuwa sahihi!

Sisi Wachaga tukikosa tunapeleka jani la isale, na anayeletewa hawezi kukataa kusamehe, ila sharti ajibu. Kaka akaagiza jani Machame, akalituma Kanada bila neno hata moja, naye Allan akarudisha kadi ya Krismasi, kwamba jani ni zuri sana, amelitia kwenye fremu. Ee Mungu wangu! Sasa hapo mtu amesamehe au hajasamehe? Swali hilo lilimnyima raha miaka yote, na tulipomsihi apige simu tu aulize, alisema isale haisindikizwi na maneno. Mpaka leo sijui ule ulikuwa unyenyekevu au ubishi uleule.

Aliugua saratani tangu Mei mwaka jana, na hali ilipozidi, Haika alimpigia Allan akamweleza maana ya jani, mzee wa watu akalia, akapanda ndege. Marehemu alituacha Jumatano tarehe 11 Februari 2026, saa nne asubuhi, na Allan akatua Heathrow jioni yake. Inauma, ndugu zangu, inauma sana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, na jirani yetu Avtar, aliyetuletea chai na chapati siku zote za msiba.

Mzee Allan, ratiba inasema neno la mwisho ni langu, lakini si langu. Haika atakushika mkono, sogea hapa kwenye jeneza umjibu. Nawe kaka, sikiliza jibu lako, ndipo upumzike kwa amani.