Mwalimu Ramani na Futi ya Mdogo Wake

"Hivi mama, dada yako anafundisha hesabu au anafundisha watoto kuzurura?" Jirani alimwuliza hivyo mdogo wa marehemu tunayemzika leo, fundi cherehani, darasa la sita lilipopita dirishani likihesabu hatua kwa sauti. Fundi aliendelea kushona.

Dada huyo, Mwalimu Ramani, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, chumba cha nyuma ya kituo cha mabasi, kifungua mimba wa dereva na mwuza mkaa. Alisema kuhesabu alijifunzia njiani akienda kuchota maji, maana njia ilikuwa ndefu. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1974, sekondari 1978, chuo cha ualimu 1980.

Alifundisha hesabu miaka arobaini, shule ile ile. Mwaka 2003 darasa lake lilichora ramani ya mabomba. Kutoka mlangoni hadi bombani, mtaa wa juu ulikuwa hatua sitini. Mtaa wa chini, mia tisa. Ofisa wa maji akacheka. "Mwalimu, hizi ni hatua za mtoto." Kweli, alikuwa amemtuma mwanafunzi mfupi kuliko wote. Akaliambia darasa, "Kosa ni langu. Tunapima upya." Akaingia kwa mdogo wake, akachukua futi ya kupimia nguo bila hata kuomba. Mita thelathini na sita. Mita mia tano na arobaini. Tofauti bado ni mara kumi na tano. Bomba la mtaa wa chini lilifunguliwa tarehe 9 Agosti 2004, na wa kwanza kujaza ndoo alikuwa jirani yule yule.

Aliolewa tarehe 6 Desemba 1986 na fundi baiskeli, aliyemsihi, "Mwenzangu, japo Jumapili usipime kitu." Alijitahidi, mpaka ibada ilipokwisha.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Aliugua akisali, bila kunung'unika. Alituaga Jumanne tarehe 3 Juni 2025, saa moja asubuhi, futi ikiwa chini ya mto wake.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu na mdogo wake. Mungu ampe pumziko lililo karibu na maji.

Siku nne kabla ya kutuaga, alimwomba mdogo wake aandike maneno haya, yasomwe leo:

"Mtaa wa mwisho, nyuma ya kiwanda cha matofali, bado hauna bomba. Mkitoka kunizika msipande gari. Piteni huko kwa miguu, kila mtu ahesabu hatua zake. Na mdogo wangu arudishiwe futi yake, apime sawasawa."