Sisimizi wa Miguu Minane

Benchi lilikuwa kati ya cherehani ya Mama Pindo na kiti cha kinyozi aliyejipa cheo cha Profesa, na jambo likifika pale halitoki zima. Wiki hii jambo lilikuwa macho ya Mama Pindo. Jumatatu, akishona, alisema ameona ukutani sisimizi mwenye miguu minane. Laiti angenyamaza! Kufikia Ijumaa mtaa mzima ulisema fundi haoni tena. Mama mmoja aliyemwachia kitambaa cha gauni la harusi ya bintiye akatuma ujumbe: anakuja kukichukua leo asubuhi, ampe fundi mwingine. Fundi asiyeaminiwa macho atashona nini?

— Dada yangu, kubali tu, — Profesa alimwambia. — Ni umri. Hata mimi natafuta mkasi huku nimeushika.

— Ndiyo maana wateja wako wanatoka hapa na ngazi kichwani.

Breki, dereva mstaafu ambaye mdomo wake haukuwahi kuwa na breki, akadakia:

— Mimi namtetea shemeji. Sisimizi yule alikuwa amebeba mwenzake mlevi.

— Hapo miguu ingekuwa kumi na miwili! — Profesa akapinga.

— Basi mlevi alikuwa amekunja mingine.

— Masihara hayo, — Profesa akakohoa kisomi. — Ni vyakula vya siku hizi. Kuku wa wiki nne ana paja la mtu mzima. Sisimizi akila makombo yake, lazima aote miguu.

— Mwakani atatuagiza viatu! — Breki akaongeza. — Jozi nne!

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Mama Pindo hakucheka. Alikuwa anatazama ukutani, pembeni kidogo ya msafara wa sisimizi, ghafla akaruka kitini.

— Huyo hapo!

Akamzoa kwa kipande cha karatasi. Alikuwa mdudu mweusi, kiuno chembamba, anatembea kwa haraka zilezile za sisimizi.

— Si sisimizi tu huyo? — Profesa akasema. — Ona vipapasio vyake.

— Vipapasio vya wapi! Ni miguu ya mbele hiyo, kainyanyua anawaiga sisimizi. Hesabu!

Profesa akahesabu kwa kidole. Akarudia. Mara zote mbili, minane.

Mama Pindo akaikung'uta karatasi. Mdudu akaanguka, lakini chini hakufika. Akabaki ananing'inia hewani.

— Sisimizi gani anatembea na uzi wake? Buibui huyu! Kajifanya sisimizi, kawadanganya ninyi nyote, mimi hanipati!

— Uzi uko wapi? — Breki alikodoa macho. — Mbona siuoni?

— Huuoni? Mimi kipofu wenu nauona!

Nyuma yao alikuwa amesimama yule mama wa harusi, mfuko mtupu mkononi. Alikuwa ameshuhudia yote.

— Samahani, baba zangu, — akauliza kwa upole. — Wiki nzima mlipokuwa mnamcheka, ninyi mlihesabu mkakuta miguu mingapi?

Profesa akamtazama Breki. Breki akatazama ndani ya kikombe.

Mama yule akaukunja mfuko wake, akasogea mbele ya cherehani na kunyoosha mikono.

— Fundi, gauni la binti endelea nalo. Na mimi nipime.

Mama Pindo akavuta futi yake shingoni, uso unameremeta.

— Simama wima, mama harusi. Na ninyi wawili hebu sogeeni huko, mnanizibia mwanga!