Mnyororo Kwenye Mlango wa Mto

Benchi liko mbele ya duka la Nazario, limeegemea ukuta wa mawe unaokinga upepo wa magharibi, na ukikaa hapo ziwa lote unaliona mpaka milima ya Chile. Mwishoni mwa Machi, wachuma cheri na watalii wakishaondoka, wenyeji hurudi kukaa hapo asubuhi, kibuyu cha chai chungu kikizunguka mkono kwa mkono na mrija wake mmoja wa chuma. Siku hiyo walikuwa watatu: Nazario, aliyeitwa Profesa kwa kujua kila kitu, Rufino, aliyeitwa Barometa kwa kuwa goti lake lilitabiri mvua, na Bi Zunilda Antilef, wa miaka sabini na moja, aliyewafundisha wote wawili kuvua.

Walibishania trauti wakubwa wamekwenda wapi. Profesa alishikilia kwamba maji ya juu bado yana joto la kiangazi, kwa hiyo samaki wamejichimbia chini kabisa, wafuatwe kwa mashua na mshipi wenye risasi nzito. Barometa akasema joto si hoja. Upepo umevuma siku tisa mfululizo na kusukumia chakula chao ng'ambo ya pili. Profesa akadai basi lazima iko mashine huko chini inayowafukuza. Barometa akamzidi: kuna pango linalotokea baharini Pasifiki, na mwaka huu wamelipata.

— Nyie mtakunywa chai mpaka muote mizizi, Bi Zunilda akasema. Wiki hii jalidi imeanguka mara tatu. Mto umepoa kabla ya ziwa. Trauti wa kahawia akiyaonja hayo maji baridi, anasogea mlangoni mwa mto kungoja kupanda kutaga. Wako pale sasa hivi.

— Pale pamefungwa, mama, na kuna mlinzi, Barometa akasema taratibu.

Hilo ndilo walilokuwa wakilizunguka asubuhi nzima. Tangu Januari, mmiliki mpya wa shamba la kando ya mto alikuwa ameweka seng'enge, mnyororo na mlinzi kwenye njia ya mtoni.

Ailén, muuguzi aliyehamia zahanati wiki ile, alikuwa ametoka dukani na mkate wake. Akasimama, akawauliza kwa adabu:

— Samahani, wazee. Huyo mlinzi alipowazuia, mlimwambiaje?

Profesa akachungulia ndani ya kibuyu. Barometa akasugua goti. Bi Zunilda alihisi uso ukimwaka, kwa sababu hata yeye hakuwa ameenda. Miezi miwili na zaidi alijisingizia uzee, naye alikuwa amekaa tu hapo na wenzake. Akampa Profesa zamu yake ya chai bila kuinywa, akaenda nyumbani kuchukua fimbo ya kuvulia.

Mnyororo hakuugusa. Alivaa suruali yake ya mpira, akaingia ziwani na kuifuata seng'enge mpaka nguzo ya mwisho, akaizunguka maji yakiwa mapajani. Baridi ilimbana magoti kama koleo. Pale mto unapomwagika ziwani, alirusha ndoano yake ya manyoya kukata mkondo, akahesabu mpaka kumi izame, kisha akavuta polepole, shubiri kwa shubiri. Mara tano hakupata kitu. Mara ya sita mshipi ukawa mzito, halafu ukakimbia.

Alipomleta karibu, alikuwa trauti jike, mrefu kama mkono wake mzima, tumbo limejaa mayai. Akamchomoa ndoano humo humo majini, akamshikilia mpaka alipopata nguvu, akamwachia.

Mlinzi alikuwa amesimama ukingoni akitazama, kijana mpole asiye mwenyeji.

— Bibi, hapa ni mali ya mtu.

— Huko uliposimama ni kwake. Mimi niko ziwani, na ziwa ni la watu wote.

— Itabidi niripoti.

Nyuma ya kijana, upande wa pili wa seng'enge, Barometa alikuwa anaingia majini na goti lake bovu, na Profesa akimfuata amebeba fimbo mbili.

— Ripoti, mwanangu, ndiyo kazi yako, Bi Zunilda akasema, akirusha tena. Zunilda Antilef. Liandike jina vizuri, maana kesho utaliandika tena.