Chumba cha Mama Rhobi

Pale Nyasho, mbele ya kibanda cha fundi baiskeli, kuna benchi ambalo mguu wake mmoja ni tofali. Wanaolikalia wana majina yasiyomo kwenye vyeti vyao vya ubatizo. Lameck anaitwa Mtandao, kwa sababu hakuna asilolijua ilimradi simu yake ina chaji. Paschal ni Pantoni: aliwahi kuuza karanga Kisorya, kwenye kivuko cha kwenda Ukerewe, na tangu hapo anajihesabu mtu wa meli. Magige, mvuvi aliyestaafishwa na magoti, ni Nahodha. Susana anayewamiminia kahawa hana jina la utani, maana ndiye mwenye birika, na mwenye birika hataniwi.

Asubuhi hiyo walikuwa wanasikiliza kesi ya Nahodha. Alitaka kumpeleka mkewe, Ghati, yaani Mama Rhobi, kwenye meli ya matembezi, ile inayotoka Mombasa na kuzunguka visiwa siku saba, watu wakila na kulala humo humo. Ng'ombe watatu walishauzwa Butiama kwa ajili hiyo. Jana yake alipita mjini kwa Miriamu, wakala wa safari, akaacha jina. Kosa lake lilikuwa kulisema hilo benchini.

— Wakala ni dalali tu, mura, alisema Mtandao. Meli iko humu kwenye simu. Unabonyeza, unachagua chumba, umemaliza.

— Kama ulivyoibonyezaga ile gesti ya Bunda? Susana aliuliza huku akimimina.

Mtandao akakohoa kidogo. Mwaka jana aliwatafutia wageni wa harusi ya dada yake gesti kwa simu, picha zinang'aa, hadi bwawa la kuogelea limo. Wageni walipofika walikuta msingi na mbuzi wawili. Mpaka leo anadai gesti yenyewe ilikuwa mbioni kujengwa.

Pantoni akachukua zamu. Meli na kivuko ni mtu na mdogo wake, alisema: unawahi, unamsalimia vizuri mtu wa geti, unapita. Chumba wachukue cha juu kabisa. Wahenga walisema mtaka cha uvunguni sharti ainame, na Mama Rhobi mgongo unamsumbua, sasa ainame ya nini?

— Na nguo wasibebe nyingi, akaongeza. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Hakuna aliyeona vinahusianaje, lakini ilipita. Kahawa ya pili ikaja, na nadharia zikapanda nayo. Mtandao alisema amesoma kwamba mtu akifia kwenye meli hizo anahifadhiwa friji moja na samaki, kwa hiyo Nahodha asiguse sangara kuanzia siku ya tatu. Pantoni hakukubali kupitwa.

— Zile glasi wazungu wanashikaga kwenye picha, mnadhani ni za juisi? Zile ni za zamu. Meli kubwa hivi maji lazima yaingie, sasa kila abiria anachota anamwaga nje.

Magige alicheka nao, lakini kicheko hakikushuka tumboni. Aliwaambia safari ni ya kusherehekea miaka thelathini na nne ya ndoa. Sababu yenyewe hakuwaambia. Mwaka wa kwanza wa ndoa Ghati alimwomba ampeleke kwenye yale mawe ya ziwani yanayoonekana kutoka mwaloni, pale wavuvi wanapopakulia samaki, kwenda na kurudi tu, naye akamcheka. Mwanamke hapandi chombo cha uvuvi. Akipanda, nyavu zinarudi tupu. Ndivyo baba yake alivyomfundisha, na ndivyo mwalo mzima ulivyoshika. Ghati hakuomba tena. Miaka yote hiyo akawa anasimama ukingoni alfajiri na beseni lake, maji yamefika magotini, akipokea samaki, na hapo ndipo ulipokuwa mwisho wake wa ziwa. Sasa Magige anavulia ndoano tu, kwa mtumbwi mdogo wa makasia, na jambo lile linamuuma kuliko hayo magoti. Alitaka kulipa kwa chombo kikubwa kuliko ombi.

Miriamu akatokea kwa miguu, karatasi mkononi. Aliwaamkia wote, akasogezewa nafasi upande wa tofali. Pantoni hakungoja apoe.

— Binti, unatuuzia nini ambacho simu haina?

— Maswali, baba.

Akaanza, akimwita Magige tata, yaani baba. Tata anapanda ngazi? Magige akaonyesha magoti. Akaandika: chumba karibu na lifti. Mama anakula nini? Benchi zima likajibu kwa pamoja kwamba ni ugali wa muhogo na sato, na Susana akaongeza kuwa chai ya maziwa hainywi. Akaandika.

— Mama akiwa majini, mawimbi yanamsumbua? Anatapika?

Mtandao alitazama simu yake, nayo haikuwa na habari. Pantoni akamwangalia Magige.

— Sijui, alisema Magige.

— Tata, si nimeambiwa wewe ni mvuvi?

— Mimi ndiyo. Yeye sikumpandishaga hata siku moja.

Alilisema taratibu, akaona aibu mbele ya watu aliozoeana nao miaka. Miriamu hakucheka. Alieleza kwamba meli hutulia zaidi katikati na chini, kwa hiyo mwenye kusumbuliwa anamtafutia chumba huko. Asiyesumbuliwa anampa cha juu chenye dirisha. Hicho cha juu kabisa ndicho kinachoyumba kuliko vyote.

— Ungebonyeza tu, mama angeinamia ndoo siku saba, alisema. Nitashikilia nafasi mpaka jioni. Kamuulize.

— Na yeye hajui. Atajuaje?

Magige akainuka, kikombe akakiacha nusu.

Ghati alikuwa mwaloni, anageuza dagaa kwenye chanja. Alimwona mumewe akiusukuma mtumbwi majini bila ndoano wala chambo, na nyuma yake benchi zima la Nyasho na Miriamu wao, wakijifanya wanapita. Susana alikuwa amefuata vikombe vyake.

— Ingia, Magige alimwambia.

Ghati aliutazama mtumbwi, akamtazama yeye.

— Na nyavu za watu?

— Zirudi tupu.

Akajifuta mikono kwenye kitenge, akakikaza kiunoni, akaingia. Mtumbwi ukayumba, akashika kingo zote mbili. Magige akapiga kasia, ukingo ukawaacha, wimbi la kwanza likawanyanyua na kuwashusha. 

— Mama Rhobi, kichwa kinazunguka?

Ghati hakugeuka. Alikuwa anatazama mbele.

— Mawe bado yako mbali, Baba Rhobi. Piga kasia.