Garnet Hakosi Mechi

Benchi letu liko ndani ya uwanja wa barafu, pale mlangoni, kati ya birika la kahawa na kioo cha kuwatazamia watoto wakiteleza. Nje kuna baridi ya kugandisha kope, kwa hiyo asiye na ng'ombe wa kulisha huja hapa asubuhi kubishana. Trekta ni mkulima mstaafu. Refa aliwahi kupuliza filimbi ligi ya wilaya, tukamzomea, na hajatusamehe mpaka leo. Daktari alitibu mifugo maisha yake yote. Mimi wananiita Kimya, kwa dhihaka. Ubishi wa asubuhi hiyo ulimhusu Garnet Kozak, mtoto wa hapa, beki aliyecheza hoki ya barafuni ya kulipwa misimu kumi na tisa. Jumamosi kuna mechi ya wakongwe. Tulipompigia simu alisema, "Tutaona." Sisi tukachapisha picha yake na kuibandika kwenye kioo.

– Atacheza, alisema Trekta. Garnet hakosi mechi.

– Mbona mazoezini haonekani? aliuliza Refa. Tangu vuli yuko shambani kwa marehemu mama yake, hapo tu.

– Mazoezi ya nini? Mtu kacheza na taya limefungwa waya, anakunywa supu kwa mrija! Na akafunga magoli mawili!

– Moja, Trekta. La pili alitoa pasi.

– Pasi ya goli si goli?

– Si goli. Ndiyo maana hukuwahi kuwa refa.

– Nashukuru kwa hilo.

Refa akajifanya hakusikia.

– Siri ya kudumu kwake hamuijui, alisema. Yule hakuwa beki. Akikipata tu kile kisahani cheusi cha kufungia magoli, huyoo mbele! Kocha anapiga kelele "rudi nyuma", mwenzenu keshafika golini kwa watu. Wapinzani wakija kumgonga, hawamkuti.

– Kwa hiyo kadumu kwa kutoroka kazini? aliuliza Trekta.

– Nimesema anashambulia, sijasema anatoroka! Mnaniwekea maneno mdomoni.

– Mifupa, alisema Daktari taratibu. Ukoo wa Kozak una mifupa ya nyati. Baba yake alipigwa teke la paja na farasi. Aliyechechemea ni farasi.

– Daktari, acha kamba!

– Ule ukwato niliutibu mwenyewe.

– Hakuna cha mifupa wala nini, alidakia Trekta. Ni pirogi, yale maandazi ya kuchemsha. Mama yake alimshindilia pirogi za viazi na krimu tangu hajaota meno. Ile krimu inashuka magotini, inageuka grisi. Mngempasua goti mngekuta safi, kama limetoka kiwandani jana.

Refa alipaliwa na kahawa, tukampiga mgongoni.

– Lakini kuna mwaka klabu ilitangaza kaumia sehemu ya juu ya mwili, nikasema.

– Kimya naye! alisema Trekta. Kila klabu husema hivyohivyo. Wanaficha panapouma ili wapinzani wasipalenge. Huenda ilikuwa mafua.

– Na mwaka ule wa sehemu ya chini? nikauliza.

– Ukucha, alisema Daktari.

Tulicheka sana. Nisiwafiche, tunampenda Garnet. Mji wetu una maghala mawili ya nafaka, kanisa lenye kuba, na yeye. Jumamosi asipotokea, sijui tutawatazamaje watu wa miji jirani tuliowaalika kwa mbwembwe.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Yvette, mke wa Garnet, akikung'uta theluji mabegani. Dukani tulizoea kumwona, lakini uwanjani alikuwa hajawahi kukanyaga. Alisimama mbele ya picha ya mumewe, akaitazama.

– Karibu shemeji, kahawa ipo, alisema Trekta. Mwambie bwana jezi yake iko tayari, namba ileile.

– Ahsante. Nimekuja kuuliza jambo moja tu.

– Uliza hata kumi!

– Jumamosi, nani atamfunga kamba za viatu?

Trekta alicheka peke yake.

– Si atafunga mwenyewe?

– Hawezi kuinama. Soksi namvalisha mimi kila asubuhi. Na vidole vya mkono wa kulia havikunjiki, hata kifungo cha shati hakimudu.

– Lakini hakuwahi kukosa mechi, alisema Refa kwa sauti ndogo.

– Angekosaje? Mlikuwa mmeshasema hakosi.

Nyuma ya kioo kina baba walikuwa wamepiga magoti, wanawakazia watoto viatu. Hapa kwetu mtoto hufungwa kamba za viatu mpaka siku atakaposema "niache, naweza," na tangu siku hiyo hakuna mwanamume anayemgusa mwenzake kiatu.

– Kuteleza bado anateleza, aliendelea Yvette. Akishasimama kwenye barafu hutajua kitu. Na anataka kuja, anataka mno, haongei lingine. Lakini mimi siruhusiwi chumba cha wachezaji, na kumwomba mtu hataomba. Ndiyo maana nawauliza nyinyi marafiki zake. Nani?

Trekta alimtazama Refa. Refa alimtazama Daktari. Mimi nilitazama sakafu. Yvette alisubiri, akituangalia mmoja baada ya mwingine. Birika lilikuwa limejaa, na hakuna aliyenyoosha kikombe.