Bi Turudi Nyuma, Mwenyekiti Aliyeilinda Tume kwa Kuihoji

Kila asubuhi, akishafunga mlango wa nyumba, marehemu bibi yetu alirudi kuusukuma kwa bega. Watoto wake walimcheka: "Mama, ufunguo haudanganyi." Naye alijibu, "Siutuhumu ufunguo. Najikagua mwenyewe."

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pili wa karani wa reli na mshonaji, katika nyumba ya kupanga nyuma ya stesheni. Alisoma shule ya msingi hapo jirani, kisha sekondari ya bweni, ambako alilala kitanda cha chini na rafiki yake cha juu. Urafiki huo ulidumu hadi mwisho. Chuoni alisomea ualimu wa hesabu, akafundisha kwa miaka kumi na tisa.

Mwaka 1976 aliolewa na fundi redio. Babu husimulia kwamba alipomrudishia redio aliyoitengeneza, binti yule alifungua mfuniko wa nyuma kuangalia ndani kabla ya kuiwasha. "Nikajua huyu hadanganyiki," babu husema, "nikaona heri nimchumbie."

Aliingia Bungeni mwaka 1995. Yeye na rafiki yake yule wa bweni, aliyekuwa mwanasheria, walihangaika miaka mingi mpaka ikapatikana sheria iliyoanzisha Tume ya Usawa, chombo cha umma cha kupokea malalamiko ya waliobaguliwa. Rafiki akawa mkurugenzi wa tume. Bibi akawa mwenyekiti wa kamati ya Bunge iliyokagua bajeti na hesabu zake. Kwa kuwa hakuacha ukurasa upite kabla hajauelewa, wajumbe walimbatiza Bi Turudi Nyuma.

Mwaka 2009 aliwarudisha kwenye ukurasa wa pango. Kwa miaka miwili tume ilikuwa imepanga ghorofa ya tatu katika jengo ambalo lifti yake ilikuwa mbovu tangu mwanzo.

"Mkurugenzi," aliuliza, "mtu wa kiti cha magurudumu anafikaje kwenu?"

"Mheshimiwa Mwenyekiti, tunamshukia."

"Mnamhudumia wapi?"

"Pale mlangoni."

"Na mvua ikinyesha?"

Mjumbe mmoja, ambaye hakuwahi kuipenda tume, akadakia: "Kumbe usawa wenyewe uko ghorofani. Mimi napendekeza bajeti yote ifutwe, tupumzike."

"Mheshimiwa, paa likivuja tunaliziba," bibi alimjibu. "Hatuwatoi watu tukabomoa nyumba."

Siku hiyo kamati yake ilikataa kupitisha hesabu za pango. Wiki hiyohiyo alisimama mbele ya Bunge zima kuitetea bajeti ya tume, na haikupunguzwa. Lakini rafiki yake alikuwa ameaibika hadharani, na kwa mwaka mzima hakukanyaga kwetu. Bibi hakumsema vibaya hata mara moja, ingawa mezani tulimwona akikonda.

Tume ilihamia ofisi za chini. Jumapili moja rafiki alibisha hodi.

"Nimekuja kunywa chai, sikuja kuomba radhi."

"Kwani nani amekuuliza?"

"Ajabu. Leo huulizi?"

Walicheka mpaka chai ikapoa.

Bibi alistaafu mwaka 2010. Mwaka 2022 figo zilianza kumsumbua. Tunawashukuru kwa dhati wauguzi waliomvumilia, kwani kila dawa aliihoji kabla ya kuimeza. Tunamshukuru pia rafiki yake, aliyemsomea magazeti wodini kila siku. Alifariki Alhamisi, tarehe 12 Septemba 2024, mchana, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa babu.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, dada mmoja, na huyo rafiki ambaye mama na wajomba zangu humwita mama mdogo, na leo ameketi nasi safu ya kwanza. Tunamshukuru Mungu aliyetuazima mtu huyu kwa muda mrefu namna hii. Ampokee, ampumzishe.

Miezi ya mwisho nilikuwa nikikaa naye, yeye akisoma, na mimi nikisoma. Nilimuuliza swali moja tu: kama mkurugenzi asingekuwa rafiki yake, angemhoji vilevile?

Alivua miwani.

"Asingekuwa rafiki yangu, mjukuu wangu, ningemuuliza miaka miwili kabla."