Bi Vilimaina na Mteremko wa Watani

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, Bi Vilimaina Radrodro anastaafu baada ya kuutumikia msitu wa Mlima Delaivuna kwa miaka thelathini na mmoja.

Alianza kwa kufyeka njia, akaishia kuwa mkuu wa askari wa hifadhi. Aliwaonyesha wageni midakua, miti mirefu ya mbao ambayo watu wanne hawawezi kuizungushia mikono, njiwa wa rangi ya chungwa, na vyura wanaoanguliwa wakiwa vyura kamili, bila kupitia hatua ya viluwiluwi. Na sauti yake, jamani! Akikohoa, kasuku wanahama bonde.

Lakini sifa yake kubwa ni mteremko wa magharibi, mali ya ukoo wa kijiji cha Navatuloa. Miaka kumi na tisa iliyopita walifika wanunuzi wa mbao, na wazee walikuwa karibu kukubali. Njiwa wangebaki na nini? Sasa, Bi Vilimaina kwao ni kijiji cha Vuniwai, na watu wa Vuniwai na Navatuloa ni watani tangu mababu. Mtani akichukua kitu chako huruhusiwi kumnyima, wala kununa. Basi akaingia kikaoni, watu wakinywa yaqona, kinywaji cha mizizi cha vikao vya heshima, akasema, “Nyie walafi wa magimbi, leo sitaki nguruwe wenu. Nachukua mteremko, na miti yake, na ndege wake!” Wazee walicheka mpaka bakuli likamwagika. Wanunuzi wakarudi mikono mitupu.

Alilipa, weee! Watani walimjibu mapigo kwa miaka yote: kuku wakaliwa, mikeka ikabebwa, hata birika lililokuwa motoni halikusalimika. Mumewe alizoea kuuliza mlangoni kama chakula kipo au watani wamepita.

Mwezi uliopita kicheko kilimwisha. Utani ule ni wake, si wa ofisi. Je, akishaondoka, mteremko si utarudi sokoni? Akapanda Navatuloa na furushi la mizizi ya yaqona, akaomba kauli ya ukoo kwamba hautauzwa. Mzee Apakuki, mkuu wao, akalipokea furushi.

“Kuku wako tumewala miaka kumi na tisa, mtani,” akasema. “Sasa unataka tuwatapike? Mteremko hauuzwi.”

Bi Vilimaina akalia palepale, naye si mtu wa kulia.

Asante sana, mama yetu. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana na maisha mema. Kuku wafungie mapema: watani wamesema Jumamosi wanakuja kukupongeza.